Nyota wa timu azuiwe kwa fedha? Tupige hesabu kwanza

MIAKA mitatu iliyopita, mwezi Juni, maharage ya msimu wa pili yakiwa yameshapigwa na kupepetwa, nilihudhuria kikao cha timu ya mpira wa miguu ya kata moja hapa Kasulu. Mimi ndiye mweka hazina wa timu hiyo, kazi niliyopewa kwa sababu tu watu walisikia kwamba nimesomea uchumi. Ajenda ya siku ile ilikuwa moja. Winga wetu wa kulia, kijana wa miaka 19, ambaye msimu uliotangulia alifunga mabao 14 kati ya 25 ya timu nzima, alikuwa anatakiwa na timu ya mjini. Kaka yake alisimama akasema bila kuficha kwamba mdogo wake atabaki iwapo tutampa Sh800,000 kabla ligi ya wilaya haijaanza.

Katika sanduku tulikuwa na Sh1,150,000. Hizo zilikuwa fedha za michango ya wafanyabiashara wa maharage, vijana wa bodaboda, akina mama wa VICOBA na mzee mmoja aliyeuza mbuzi wake ili timu ipate jezi.

"Mchumi, hebu tuambie, zinatosha?" mwenyekiti aliniuliza.

"Mzee wangu, kutosha zinatosha," nikamjibu. "Ila tukizitoa tutabaki na Sh350,000 za jezi, nauli, mipira na matibabu ya timu nzima."

Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akasema, "Mwanangu, bila yule mtoto nani atakwenda uwanjani?"

Swali lile lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Hata hivyo tulipiga kura, na kwa tofauti ya kura mbili tukakataa kutoa fedha. Kijana akaondoka. Sisi tukamaliza nafasi ya 6 kati ya timu 8. Mpaka leo nikipita gulioni kuna watu wananiita "bwana hesabu", na hawaniiti hivyo kwa kunisifu.

Ndugu msomaji, unaweza kujiuliza habari hizi za mpira zinatafuta nini katika kurasa za biashara na kilimo. Zimekuja hapa kwa sababu swali tuliloulizana siku ile ndilo wanaloulizana viongozi wa Jangwani na Msimbazi kila dirisha la usajili linapofunguliwa, na ndilo analojiuliza mkulima wa Kibondo anapoambiwa atoe fedha zake zote kununua ng'ombe mmoja anayesifiwa. Je, ni sahihi kuweka sehemu kubwa ya mtaji kwa mmoja, eti kwa sababu amefanya vizuri mwaka jana?

Kazi ya jana na kazi ya kesho

Mfugaji makini akienda mnadani haulizi ng'ombe amezaa mara ngapi ili amlipe mwenye ng'ombe kwa ndama waliokwisha kuuzwa. Anauliza amebakiza mizao mingapi. Anamwangalia meno, anampapasa kiwele, ndipo anataja bei. Ndama wa zamani wanamsaidia kukadiria ndama wajao, basi.

Katika mpira tunafanya kinyume. Mchezaji akifunga mabao mengi, msimu unaofuata tunamlipa kwa yale mabao. Lakini mabao yale tayari yako kwenye kumbukumbu za ligi na hayawezi kuhesabiwa mara mbili. Timu inaponunua mkataba mpya inanunua mabao ambayo bado hayajafungwa, kwa miguu ambayo imeongezeka umri wa mwaka mmoja. Hasa wachezaji wanaotegemea mbio, kama mawinga na washambuliaji, msimu wao ni mfupi. Goti likiguswa mara moja, bei yote inabadilika.

Kwa hiyo kuna maswali matatu ambayo kiongozi wa timu anapaswa kuyajibu kabla ya kufungua sanduku. La kwanza, huyu nyota ataongeza nini zaidi ya yule atakayechukua nafasi yake? La pili, ataongeza kwa muda gani? La tatu, fedha hizo tukimpa yeye, ni kitu gani hatutakinunua?

Kwa timu yetu nilipiga hesabu hiyo mbele ya kikao. Hatuna kiingilio, huwa tunapitisha kofia. Siku kijana anacheza, kofia ilirudi na wastani wa Sh27,000. Siku alipokuwa mgonjwa ilirudi na kama Sh12,000. Tofauti ni Sh15,000. Kwa mechi 7 za nyumbani hiyo ni Sh105,000. Zawadi ya bingwa wa ligi ilikuwa Sh500,000. Hata kama angetuhakikishia ubingwa, jambo ambalo hakuna binadamu anayeweza kulihakikisha, jumla ingekuwa Sh605,000. Yeye alitaka Sh800,000. Kwa vyovyote vile tungepata hasara ya Sh195,000, na jezi tusingenunua.

Naomba nieleweke. Sisemi furaha ya watu haina thamani. Yule mama aliyeuliza nani atakwenda uwanjani alikuwa anazungumzia thamani ambayo kofia haiwezi kuipima. Ninachosema ni kwamba furaha hiyo nayo ina bei, na wanaoitaka wanapaswa kujua bei hiyo ni kiasi gani na inatoka mfukoni mwa nani.

Jangwani, Msimbazi na Geita

Tuangalie wenzetu wenye fedha nyingi. Desemba 2022 kiungo Feisal Salum, maarufu kama Fei Toto, alitaka kuvunja mkataba wake na Yanga. Klabu ilikataa, na Januari 2023 kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Mvutano ukaendelea hadi Juni 2023 alipokwenda Azam kwa makubaliano ya klabu hizo mbili. Katika miezi yote hiyo hakuichezea Yanga. Je, Yanga ilianguka? Msimu huo wa 2022/23 ilichukua ubingwa wa ligi na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilizidiwa na USM Alger ya Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini tu.

Baada ya hapo akaondoka Fiston Mayele, aliyekuwa amefunga mabao 17 ya ligi msimu huo, akaenda Pyramids ya Misri. Wengi walisema Yanga imekwisha. Msimu uliofuata Stephane Aziz Ki akafunga mabao 21 na ubingwa ukabaki Jangwani. Mwaka 2024 mkataba wa Aziz Ki ulipofika mwisho, Yanga ilikubali kumpa mkataba mpya ili asiondoke. Mei 2025 ikamwachia akaenda Wydad Casablanca ya Morocco, na mwezi uliofuata Yanga ikatwaa ubingwa wa nne mfululizo bila yeye.

Hapo kuna jambo la kujifunza. Fei Toto alikuwa bado ndani ya mkataba, ndiyo maana aliyemtaka alilazimika kuja kuzungumza na Yanga. Aziz Ki alipewa mkataba mpya akiwa ametoka kuwa mfungaji bora, na klabu ikabaki na haki ya kusema neno siku ya kuondoka kwake. Karatasi ilifanya kazi ambayo fedha peke yake isingeifanya.

Lakini nisiwe mwongo wa upande mmoja. Agosti 2021 Simba iliwauza nyota wake wawili kwa mpigo, Luis Miquissone kwenda Al Ahly ya Misri na Clatous Chama kwenda RS Berkane ya Morocco. Simba ilikuwa imetwaa ubingwa mara nne mfululizo. Msimu uliofuata Yanga ikachukua taji bila kupoteza mchezo. Anayesema nyota hana pengo hajaiangalia Simba ya mwaka ule. Kosa la Simba, kwa maoni yangu, halikuwa kuuza. Bei ya Al Ahly haikataliki kirahisi. Tatizo ni kwamba waliokuja kuziba nafasi hawakuwa wameandaliwa kabla ya wenye nafasi kuondoka. Na mwaka 2023 Simba ilimrudisha Luis kwa matumaini ya kumpata yule wa 2021. Hakurudi katika kiwango kile, na mwaka 2024 wakaachana. Hiyo ndiyo gharama ya kununua kazi ya jana.

Mfano unaotufaa zaidi sisi wa wilayani ni Geita Gold, timu ya halmashauri, si ya matajiri wa Dar es Salaam. Katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2021/22, mshambuliaji wake George Mpole aliibuka mfungaji bora kwa mabao 17, akimpita Mayele kwa bao moja, na timu ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho. Baadaye Mpole akaenda FC Lupopo ya Lubumbashi. Saido Ntibazonkiza, Mrundi aliyekuwa anaibeba timu hiyo msimu uliofuata, akachukuliwa na Simba Desemba 2022. Mwaka 2024 Geita Gold ikashuka daraja. Sisemi imeshuka kwa sababu ya wawili hao tu, kwani timu hushuka kwa mambo mengi. Ila swali la msingi linabaki: timu ya halmashauri ingeweza kushindana na Simba kwa mshahara? Haiwezi. Na ikijaribu itakopa, na deni litabaki baada ya mchezaji kuondoka.

Hata Marekani, katika ule mpira wao wa kushika mkononi, mjadala huu haujaisha. Mwaka 2018 mkimbiaji nyota wa Pittsburgh Steelers, Le'Veon Bell, alikataa malipo ya dola milioni 14.5 kwa msimu mmoja akitaka mkataba mrefu zaidi, akakaa nje msimu mzima. Nafasi yake ikachukuliwa na James Conner, aliyelipwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo, naye akafunga mara 12 kwa mbio. Wapiga hesabu wakashangilia. Lakini mwaka 2024 New York Giants ikamwacha Saquon Barkley aende Philadelphia Eagles, akakimbia zaidi ya yadi 2,000 katika msimu mmoja, na Februari 2025 Eagles ikatwaa ubingwa. Tofauti ni kwamba Eagles walikuwa na safu imara ya kumfungulia njia. Nyota analipa akiwekwa kwenye timu iliyokamilika. Ukimwagia mbolea ghali shamba ambalo halijapaliwa, umelisha magugu.

Tulikosea wapi

Narudi Kasulu. Watu wananilaumu kwa kukataa kutoa Sh800,000. Kwa hilo sijutii. Fedha zile zilinunua jezi, zikalipa nauli za msimu mzima, zikatibu bega la golikipa wetu na kuwanunulia viatu vijana wanne waliokuwa wanacheza peku. Wawili kati ya hao sasa wanaanza kikosi cha kwanza.

Ninachojutia ni kingine kabisa. Yule kijana alicheza kwetu tangu akiwa na miaka 16. Misimu mitatu tulimlea, tukampa viatu, tukamlipia hospitali alipoumia kifundo cha mguu. Na katika misimu hiyo mitatu hakuna hata mmoja wetu aliyehakikisha kwamba usajili wake umekamilika kama inavyotakiwa. Orodha ya wachezaji iliandikwa kwenye daftari la mwenyekiti, na daftari lilinyeshewa na mvua. Mwaka mmoja baada ya kuondoka, timu ya mjini ilimwachia timu nyingine nje ya mkoa wetu, na fedha zikabadilishana mikono. Sisi tuliposema tumemlea, tukaulizwa swali moja: karatasi iko wapi? Hatukuwa nayo.

Wakulima wenzangu wanalijua jambo hili kwa jina lingine. Jirani zetu wa Kagera wanaita butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa anayekuja na fedha kidogo wakati una njaa. Huku kwetu tunajua lumbesa, gunia linaloongezwa kilemba halafu linalipwa kama gunia moja. Timu za wilayani zinauza vijana wao kwa butura na kwa lumbesa. Zinatoa miaka mitatu ya malezi, zinalipwa jezi kuukuu au hazilipwi kabisa.

Na sheria ipo. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawanywa kwa timu zote zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15, timu hupata asilimia 0.25 ya fedha zote. Kwa kila mwaka wa miaka 16 hadi 23 hupata asilimia 0.5. Kanuni hii haichagui timu kubwa au ndogo. Timu ya kata nayo ina haki, mradi mchezaji alisajiliwa kwake na kumbukumbu zipo katika mfumo wa shirikisho. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu chenye makao yake Paris kinachopitisha malipo hayo, na chombo hicho kinafuata rekodi za usajili, si simulizi za wazee wa kijiji.

Tupige hesabu ndogo ya mfano. Tuseme kijana aliyesajiliwa kwetu akiwa na miaka 16, 17 na 18 anauzwa siku moja kwenda Morocco au Misri kwa dola 200,000. Miaka mitatu mara asilimia 0.5 ni asilimia 1.5, sawa na dola 3,000. Ukiibadili kwa Sh2,500 kwa dola moja, ni Sh7,500,000. Hiyo ni zaidi ya mara sita ya fedha zote tulizokuwa nazo katika sanduku siku ile. Ni kweli, vijana wengi hawatafika Morocco. Lakini hata mkulima hapandi akitegemea kila punje iote. Gharama ya kusajili ni ndogo mno ukilinganisha na kinachoweza kurudi.

Nini kifanyike

Kwanza, timu za wilayani ziache kushindana kwa fedha za kumzuia mchezaji siku ya mwisho. Vita hiyo hatuiwezi. Kwetu hapa Kigoma tunayo Mashujaa, timu ya jeshi iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2023 baada ya kuitoa Mbeya City katika mechi za mchujo, na ambayo Aprili 2024 iliitoa Simba kwa penalti katika Kombe la Shirikisho la TFF pale Uwanja wa Lake Tanganyika. Kijana wa Kasulu au Kibondo akiitwa huko, aende. Kumfungia ni kumwibia. Yeye naye ni mkulima, shamba lake ni miguu yake, na msimu wake ni miaka kumi tu.

Pili, kila mchezaji asajiliwe mapema, akiwa bado hajulikani. Nyaraka zitunzwe na katibu na nakala iwe kwa mweka hazina. Mwenye umri wa kutosha na anayelipwa apewe mkataba ulioandikwa. Aliye chini ya miaka 18 mzazi au mlezi asaini pamoja naye, na mkataba huo usizidi miaka mitatu kama kanuni za FIFA zinavyotaka. Anapohamia timu nyingine nchini, makubaliano yaandikwe kwamba akiuzwa tena nasi tutapata asilimia fulani. Hata asilimia 10 ya kitu kidogo ni bora kuliko asilimia mia ya lawama.

Tatu, fedha tulizo nazo zigawanywe kwa kazi itakayofanyika. Badala ya Sh800,000 mkononi kabla ya ligi, tungeweza kumwambia kijana: kila mchezo utakaocheza tutakupa kiasi hiki, kila bao kiasi hiki, na ukiumia matibabu ni juu yetu. Kiasi hicho kisizidi kile anachoongeza kwenye kofia na katika nafasi ya kupata zawadi. Angekataa, sawa. Lakini angalau tungekuwa na neno la kumwambia zaidi ya hapana. Hilo nalo ni kosa langu, maana nilikuja na hesabu ya kukataa bila kuja na hesabu ya kumpa kitu.

Nne, halmashauri zetu zinapotenga fedha za michezo zisiishie kwenye kombe na jezi za siku moja. Semina moja ya siku mbili kwa makatibu wa timu kuhusu usajili, mikataba na kumbukumbu ingefanya kazi kubwa kuliko mipira hamsini. Tunawafundisha wakulima kuuza kwa mizani na kuweka stakabadhi. Kwa nini tusiwafundishe viongozi wa timu?

Yule winga nilikutana naye Desemba iliyopita kituo cha mabasi Kibondo, akitoka likizo kwenda kwenye timu yake. Alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo mweka hazina." Nikamwitikia. Akaniuliza kama bado tunacheza na ile mipira miwili. Nikamwambia sasa tuna minne. Akacheka, kisha akasema kama ningemwandikia mkataba wa Sh10,000 kwa mchezo akiwa na miaka 17 angesaini siku hiyo hiyo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwandikia karatasi yenye jina lake.

Msimu huu tumesajili vijana 22. Mdogo kuliko wote ana miaka 14, anatumia mguu wa kushoto, na fomu yake niliijaza mwenyewe.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo anayefanya kazi katika wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Maoni haya ni yake binafsi.